Jengo jipya lenye sura ya kale: kanisa la Selsley na ndugu zake

Wazee wetu wa kanisa, shikamooni. Akina mama, wanakwaya, vijana, na ninyi wanafunzi wa usanifu majengo mliokuja na daftari zenu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie makanisa ya vijijini ya Uingereza yaliyojengwa enzi za Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na 1901. Mada ni pana, na tukitaka kuigusa yote tutakesha hapa. Kwa hiyo nimechagua kanisa moja ninalolipenda, la Watakatifu Wote, katika kijiji cha Selsley, Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Mengine nitayataja njiani pale yatakaposaidia.

Ukiliona kanisa la aina hii, na mnara wake wa mawe, matao yenye ncha, na makaburi yaliyolalia upande chini ya miti, utaapa kwamba limesimama pale tangu zama za Vita vya Msalaba. Wageni wengi huamini hivyo. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba jengo hilo lilikuwa la kisasa kabisa siku lilipofunguliwa. Fedha zake zilitoka kiwandani, vifaa vya makanisa mengi ya aina yake vilisafiri kwa treni, na mpangilio wake wa ndani ulitokana na mabishano makali ya watu waliokuwa hai wakati ule. Nikifanikiwa kuwaonyesha hilo, nitakuwa nimetimiza nililokusudia.

Selsley iko juu ya ukingo wa vilima vya Cotswold, karibu na mji wa Stroud. Chini yake kuna bonde la mto Frome, ambalo watu wake wameishi kwa kusuka nguo za sufu tangu karne nyingi. Katikati ya karne ya 19 mmoja wa matajiri wa bonde hilo alikuwa Samuel Marling, mwenye kiwanda cha Ebley. Ni yeye aliyelipia kanisa, na lilijengwa mwaka 1861 na 1862. Msanifu alikuwa George Frederick Bodley, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyejifunza kazi kwa George Gilbert Scott. Sasa tazameni jambo hili: Bodley huyo huyo ndiye aliyemchorea Marling jengo la nyongeza pale kiwandani Ebley, lenye mnara wake. Simama kilimani penye kanisa, tazama bondeni, na utakuwa unaona kazi mbili za mkono mmoja zilizolipwa na mfuko mmoja. Wafanyakazi wa bonde lile walikuwa wakiinua macho na kuliona kanisa la tajiri wao likiwa juu yao mchana kutwa. Sisemi hivyo kumshutumu Marling, maana alitoa fedha ambazo angeweza kuzila. Nasema kwa sababu mahali jengo linapowekwa pana maana, na aliyelilipia alijua litaonekana kutoka wapi.

Mnara wenyewe hauna kilele kirefu chenye ncha kama ilivyozoeleka Uingereza. Juu yake kuna paa la pande mbili, lenye mgongo, mfano wa yale yanayoonekana kwenye makanisa ya milimani huko Ulaya ya kati. Inasimuliwa kwamba Marling alitaka mnara unaofanana na wa kanisa la kijiji kimoja cha Tirol kinachoitwa Marling, jina moja na lake. Iwe hivyo au isiwe, mnara ule unaliweka kanisa zima vizuri kwenye ukingo wa kilima, na ukiutazama kutoka bondeni huwezi kuuchanganya na mwingine.

Turudi nyuma kidogo, tujue kwa nini Bodley alijenga vile.

Mwaka 1818, baada ya vita dhidi ya Napoleon, Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni moja kujenga makanisa mapya, hasa katika miji ya viwanda iliyokuwa ikifurika watu. Mwaka 1824 likaongeza nusu milioni. Mengi ya makanisa yaliyopatikana yalikuwa kumbi pana, kuta nyembamba, zenye roshani pande tatu, zikihesabiwa kwa kipimo kimoja: kila pauni inakalisha watu wangapi. Madirisha yalichongwa ncha kwa juu ili yaonekane ya kanisa, na ubunifu ukaishia hapo.

Vijijini hali ilikuwa nyingine. Makanisa ya kale yalikuwepo, lakini ndani yake mlikuwa na vyumba vya mbao. Nasema vyumba kwa sababu ndivyo vilivyokuwa: familia yenye uwezo ilikuwa na kizimba chake cha mbao, kuta zake zikifika kifuani au zaidi, kikiwa na mlango na mara nyingine kufuli. Wakubwa wa kijiji wengine waliweka hata sehemu ya moto humo ndani. Maskini walikaa nyuma, au pembeni kwenye mabenchi wasikoona kitu. Katikati ilisimama mimbari ya ghorofa tatu: chini karani wa kanisa akiongoza majibu, katikati kasisi akisoma ibada, juu kabisa kasisi huyo huyo akipanda kuhubiri. Altare ilikuwa meza ndogo huko mbali mashariki, mara nyingi imezibwa na mimbari hiyo. Na magharibi, juu ya roshani, walikaa wapiga muziki wa kijiji na fidla na klarineti zao.

Hilo ndilo kanisa ambalo vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, John Mason Neale na Benjamin Webb, waliamua kulipiga vita. Mwaka 1839 walianzisha chama cha kuchunguza majengo ya kanisa, na kuanzia 1841 kikatoa jarida lake. Jarida lile lilikuwa halimwonei mtu haya. Kila kanisa jipya lilipofunguliwa, lilipimwa, likasifiwa au likalaaniwa, na msanifu akatajwa kwa jina. Wasanifu waliogopa. Walitakiwa waache kumbi za roshani, warudi kwenye mtindo wa Kigothi, ule wa matao yenye ncha, wa karne ya 13 na 14, na wajenge sehemu ya altare kuwa chumba kamili kinachojitegemea, kirefu cha kutosha kuwekwa waimbaji, kilichoinuliwa kwa ngazi.

Kabla yao alikuwepo Augustus Pugin, Mkatoliki aliyeongoka, ambaye alifanya kazi bila kupumzika mpaka akafariki mwaka 1852 akiwa na miaka 40 tu. Pugin alifundisha kanuni ambayo nawaomba wanafunzi waiandike: jengo lisiwe na kitu kisichohitajika kwa matumizi, kwa uimara au kwa heshima ya mahali, na pambo lolote liwe la kupamba kile ambacho ni sehemu ya lazima ya ujenzi. Wengi humkumbuka Pugin kama mtu wa mapambo mengi, na kweli kanisa lake la Mtakatifu Giles pale Cheadle limepakwa rangi na dhahabu kuanzia sakafuni hadi darini. Lakini kanuni yake ingeweza kutiwa saini na msanifu wa karne ya 20 anayejenga kwa chuma na kioo. Nguzo isionekane imebeba kitu ambacho haikibebi. Boriti za paa zisifichwe kwa dari ya plasta ya bandia. Mlango uwe mkubwa kwa sababu watu wengi wanaingia, usiwe mkubwa kwa majivuno.

Basi Bodley alipoanza Selsley, mambo hayo yote yalikuwa yameshasemwa kwa miaka ishirini. Alikuwa wa kizazi cha pili, kilichochoka kunakili Uingereza ya kale peke yake. Wenzake walikuwa wanasafiri Ufaransa na Italia, wanarudi na michoro. William Butterfield alikuwa ameshajenga kanisa la Baldersby, kijiji cha Yorkshire, katika miaka ya 1850, na pamoja na kanisa akachora nyumba ya kasisi, shule na nyumba za wanakijiji. Bodley alichukua mambo kutoka Ufaransa: kuta nzito, matao rahisi, na upande wa mashariki uliozungushwa badala ya kukatwa mraba kama ilivyozoeleka Uingereza.

Naomba sasa tuingie ndani, tukitembea taratibu. Nitachanganya Selsley na makanisa mengine ya wakati wake, maana mpangilio ni mmoja.

Unapoingia, kitu cha kwanza kukutana nacho karibu na mlango ni kisima cha ubatizo. Kimewekwa pale kwa makusudi. Mtu huingia katika Kanisa kwa njia ya ubatizo, kwa hiyo jiwe la ubatizo liko mwanzo wa safari, na altare mwisho wake. Mbele yako mabenchi yamepangwa wazi, ya urefu mmoja, yote yakitazama mashariki. Vizimba vimeondoka. Kilikuwepo chama cha kusaidia ujenzi wa makanisa, kilichoanzishwa 1818, ambacho kilitoa ruzuku kwa sharti kwamba viti viwe vya bure. Katika makanisa mengi bado utaona ukutani, karibu na mlango, ubao uliopakwa rangi unaoeleza chama kimetoa msaada na viti vingapi lazima vibaki bila kulipiwa kodi. Mimi husimama mbele ya ubao huo zaidi kuliko mbele ya madirisha. Ni hati ya haki iliyotundikwa ukutani ili mkulima asije akafukuzwa kwenye benchi.

Lakini nisiwapambie habari. Mabadiliko hayo yalikuwa na walioumia. Wapiga fidla na klarineti wa kijiji waliteremshwa kutoka roshani zao, roshani zikabomolewa, kikaletwa kinanda na kwaya yenye mavazi meupe ikakalishwa huko mbele, karibu na altare. Muziki ambao watu wa kawaida walikuwa wakiutengeneza wenyewe ukapotea katika vijiji vingi kwa muda wa kizazi kimoja. Viongozi wa chama cha Cambridge waliona wanarudisha heshima ya ibada, na kwa sehemu walikuwa sahihi. Kwa wale wanamuziki nadhani walikosea, tena vibaya.

Tuendelee mbele. Mimbari sasa iko pembeni, upande mmoja wa tao kubwa linalotenganisha ukumbi wa waumini na sehemu ya altare. Sakafu inapanda kwa ngazi, mara nyingine ngazi moja kwa hatua kadhaa, halafu nyingine, halafu nyingine. Na kadiri unavyosogea, sakafu yenyewe inabadilika. Penye mabenchi ni mawe au vigae vya kawaida vyekundu na vyeusi. Ukifika sehemu ya kwaya, vigae vinaanza kuwa na michoro. Karibu na altare vimejaa maua, nyota na alama za waandishi wa Injili. Hata asiyejua kusoma alielewa kwa miguu yake kwamba amefika mahali pengine.

Vigae hivyo ningependa kuvieleza, kwa sababu ndani yake kuna historia nzima ya karne ile. Watawa wa zamani walikuwa wakivitengeneza, ufundi ukapotea. Mwaka 1830 mfinyanzi Samuel Wright wa Staffordshire alipata hataza ya namna ya kuvitengeneza upya, na Herbert Minton wa Stoke akaichukua na kuiendeleza mpaka ikafanikiwa. Unachukua udongo mbichi na kuukandamiza kwenye kalibu yenye mchoro ulioinuka, ili mchoro ubaki umezama kwenye uso wa kigae. Halafu unamimina udongo mwepesi wa rangi nyingine, mweupe tuseme, ukajaza lile shimo na kupita juu. Unaacha ukauke kiasi, kisha unaukwangua mpaka uso unakuwa sawa na mchoro unajitokeza safi. Ndipo kinaingia tanuru. Rangi haiko juu ya kigae, imo ndani yake, kwa unene wa milimita kadhaa. Kwa hiyo miguu ya miaka 150 hailifuti ua lake. Minton alitengeneza kwa wingi wa kiwandani, akawapa makanisa mengi bure, na treni zikavisambaza nchi nzima. Ufundi wa watawa ukarudi kupitia kalibu, tanuru kubwa na reli.

Na ukiangalia chini kwenye njia ya katikati ya makanisa mengi ya wakati ule, utaona kipande kirefu cha chuma chenye matundu ya maua. Wengi hupita juu yake bila kujua. Chini yake kuna mfereji unaoleta hewa ya moto au mabomba kutoka kwenye jiko la makaa ya mawe lililofichwa chini ya chumba cha mavazi. Kanisa la sura ya karne ya 13 lilikuwa na mfumo wa kupasha joto wa karne ya 19, na msanifu aliuchora pamoja na matao.

Wanafunzi wataniuliza kuhusu tao lenyewe. Kwa nini lile lenye ncha? Tao la nusu duara urefu wake unaamuliwa na upana wake: nafasi ya mita 6 inakupa kimo cha mita 3, hutoki hapo. Tao lenye ncha linakuachia uchague. Unaweza kuwa na nafasi nyembamba na nafasi pana zikaishia kwenye kimo kimoja, na msukumo wake wa kusukuma kuta nje ni mdogo kuliko wa nusu duara. Msukumo unaobaki unapokelewa na zile nguzo egemezi zilizobandikwa nje ya ukuta. Pugin aliwafundisha kuziacha zionekane. Ukizunguka kanisa zuri la kijijini kwa nje unaweza kusoma ndani kukoje bila kufungua mlango: paa refu ni la ukumbi wa waumini, paa fupi zaidi ni la altare, kichumba kidogo ni cha mavazi, kibanda cha mlango kiko kusini penye jua.

Sasa madirisha. Hapa ndipo Selsley inapopita makanisa mengi yenye fedha zaidi.

Mwezi Aprili mwaka 1861, kijana William Morris na rafiki zake walifungua kampuni London ya kutengeneza mapambo ya majengo. Miongoni mwao walikuwa wachoraji Dante Gabriel Rossetti, Edward Burne-Jones na Ford Madox Brown, na msanifu Philip Webb. Hawakuwa na jina katika kazi ya vioo. Bodley ndiye aliyewaamini, na Selsley likawa kati ya makanisa ya kwanza kabisa kupata madirisha yao, na la kwanza kupata seti nzima. Morris alikuwa na miaka 27 au 28. Rossetti alichora Mahubiri ya Mlimani, Brown akachora Kusulubiwa, Burne-Jones akamchora Kristo akiwabariki watoto, Morris mwenyewe akachora malaika akimletea Maria habari. Magharibi kuna dirisha kubwa la duara linaloonyesha Uumbaji.

Lakini aliyelifanya kanisa zima lionekane kitu kimoja ni Philip Webb, aliyepanga utaratibu wa vioo. Watengeneza vioo wengi wa wakati ule walikuwa wanajaza dirisha lote rangi, kuanzia juu mpaka chini, na kanisa linakuwa na giza hata saa sita mchana. Webb aliweka picha kwenye mkanda mmoja unaopita katikati ya madirisha kwa kimo kile kile, halafu juu na chini ya mkanda akaacha vioo vyepesi, karibu vyeupe, vyenye michoro midogo tu. Waanglikana wa karne ya 13 na 14, niseme Wakristo wa Uingereza wa karne zile maana walikuwa bado chini ya Roma, walifanya hivyo kwenye kanisa la Chuo cha Merton, Oxford. Matokeo yake pale Selsley ni kwamba rangi zinakuzunguka kwenye usawa mmoja na bado unaweza kusoma kitabu chako cha nyimbo. Ni uamuzi wa mtu aliyefikiria watakaokaa humo, na ninaufikiria kila ninapoona kanisa jipya limezibwa vioo vya rangi za plastiki.

Kioo chenyewe kilikuwa kimetoka kufufuliwa. Mwanasheria Charles Winston, ambaye alipenda vioo vya kale kuliko sheria zake, alichunguza kemia ya vioo vya zama za kati mwishoni mwa miaka ya 1840, na kiwanda cha Powell cha London kikafaulu kutengeneza vioo vizito, visivyo sawasawa, ambavyo mwanga ukipita hucheza. Rangi huingia wakati kioo kinayeyuka: kobalti kwa bluu, shaba kwa nyekundu na kijani. Vipande hukatwa, hupakwa mistari ya uso na mikunjo ya nguo kwa rangi ya oksidi ya chuma, huchomwa tena tanuruni ili mistari ishike, halafu huunganishwa kwa risasi. Na kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845. Bila kufutwa kwa kodi hiyo, sidhani kama tungeona madirisha mengi kiasi hicho vijijini.

Nimesema mazuri mengi. Sasa niseme hasara, tena kubwa. Moto ule ule wa ari uliojenga Selsley ulipita kwenye maelfu ya makanisa ya kale na kuyakarabati kwa nguvu. Wasanifu waliojua, au waliodhani wanajua, mtindo sahihi wa karne ya 14 waliyakuta makanisa yenye vipande vya kila karne. Wakabomoa vya karne ya 15 na 17 ili warudishe ambacho walidhani kilikuwepo kabla. Wakakwangua plasta ya ndani ili mawe yaonekane, na kwenye plasta ile kulikuwa na picha za zamani za kuchorwa kwa mkono ambazo hazitarudi. Waliamini wanaliponya jengo. Mwaka 1877, aliposikia mpango wa Scott wa kukarabati kanisa la Tewkesbury, Morris aliandika kwa hasira gazetini na mwaka huo huo akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, ambacho kipo mpaka leo. Msimamo wake ulikuwa kwamba jengo la kale litunzwe kwa matengenezo ya kila siku, lisirudishwe kwenye umri wa kubuni. Na alilipia msimamo huo: kampuni yake ikatangaza kwamba haitaweka tena madirisha mapya katika makanisa ya kale yanayokarabatiwa. Alikataa kazi iliyokuwa ikimpa sehemu kubwa ya mkate wake. Katika historia ya fani yetu sijui wengi waliofanya hivyo.

Hii inatufikisha pwani yetu.

Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ya wamisionari wa Kianglikana, ilizaliwa baada ya Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Ni Cambridge ile ile ya Neale na Benjamin Webb. Wamisionari wake wa kwanza walisafiri kuja Afrika mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, mwaka ule ule kuta za Selsley zilipoanza kupanda. Walikuwa vijana waliokulia katika mabishano haya. Kwao kanisa lisilo na sehemu ya altare iliyoinuliwa, kisima karibu na mlango na mabenchi yaliyo wazi lilikuwa kanisa lililopungukiwa. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, kabla ya kuja kwetu alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire. Alipoweka msingi wa kanisa la Mkunazini siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa mahali pale pale, alikuwa na mpangilio huo kichwani.

Ila Zanzibar hakukuwa na vigae vya mawe kutoka Wales wala reli ya kuvileta, wala mwaloni wa kutengenezea mapaa. Kulikuwa na matumbawe, chokaa, na mafundi waliojua kuvitumia tangu karne nyingi kabla ya Pugin kuzaliwa. Steere alijenga kuta za matumbawe, na juu yake, badala ya paa la mbao, akafunika ukumbi mzima kwa kuba refu la zege la matumbawe yaliyopondwa. Watu walimwambia litaanguka. Liko pale leo, na mchwa hawana cha kula ndani yake. Kwa maoni yangu hicho ni kitendo cha Kigothi zaidi kuliko ncha zote za madirisha: alitumia alichonacho, akaonyesha kinavyobeba, hakukiigiza kuwa kitu kingine. Nguzo zilizo upande wa magharibi inasimuliwa zilisimamishwa juu chini wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo.

Kwa hiyo mkiingia katika kanisa la zamani la misheni, iwe Unguja, Tanga au kusini huko, na mkaona altare imepanda ngazi tatu, kwaya imekaa mbele ikitazamana, mimbari iko pembeni, mjue mnaona uamuzi wa watu wa miaka ya 1840, uliokuwa na wapinzani wake kule kule ulikozaliwa. Unaweza kuujadili. Parokia ikitaka kuwasogeza wanakwaya karibu na waumini, hainajisi mila ya mitume. Inaendeleza mazungumzo yaliyoanza kabla yake.

Ninachoomba ni kwamba mazungumzo hayo yatangulie nyundo. Nimeshaona kanisa la chokaa na matumbawe likipigwa saruji ngumu ndani na nje kwa nia njema kabisa, kwa mchango wa waumini maskini. Ukuta wa chokaa hupumua: maji huingia na hutoka. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inapanda, plasta inavimba, na baada ya misimu michache jiwe lenyewe linameguka. Uingereza nako yametokea hayo hayo katika karne ya 20, makanisa ya mawe laini yakizibwa viungo vyake kwa saruji, na sasa mafundi wanatumia fedha nyingi kuitoa kipande kwa kipande na kurudisha chokaa.

Wale ambao kamati zenu za ujenzi zina mpango wa ukarabati mwaka huu, naomba mfanye mambo haya kabla ya kumwita mkandarasi. Pigeni picha kila ukuta, ndani na nje. Pimeni na kuchora mpangilio wa mabenchi na ngazi kama ulivyo. Mtafuteni fundi anayejua kuzima chokaa, wapo bado Mji Mkongwe na Lamu, mkae naye chini mbele ya ukuta wenyewe. Na angalieni mifereji ya maji ya paa kwanza, maana nusu ya unyevu unaolaumiwa kwa ukuta hutoka juu. Wanafunzi waliopo hapa wanaweza kuifanya kazi ya kupima bure kama sehemu ya mafunzo yao. Nimeshazungumza na walimu wao na wako tayari.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali anyooshe mkono.